Ngoma iliyotolewa kwenye bendera

Siye wa Lubarika tunaishi karibu na Ruzizi, na ng'ambo ya maji kuna habari ya kutawaza inayotuhusu.

Kwa Kirundi, neno ingoma lina maana mbili: ngoma na ufalme. Ngoma kubwa ya mwami iliitwa Karyenda. Haikuonyeshwa ovyo; watu waliiona kwa nadra, kwa mfano kwenye sikukuu ya mtama, Umuganuro.

Mwambutsa alitawazwa mwaka 1915, angali mtoto mdogo. Uhuru ulipofika, tarehe 1 Julai 1962, Karyenda iliwekwa katikati ya bendera, pamoja na mmea wa mtama. Timbri za zamani za Ruanda-Urundi zilipigwa chapa juu yake: Royaume du Burundi. Zingine zikaonyesha sura ya mwami. Vile njo mtu ambaye hajafika hata siku moja kwa mwami alimshika mkononi, kwenye barua. Japani pia, wakati wa mfalme Meiji, raia wengi walimjua kwa picha zilizochapwa na mbao za kuchongwa.

Lakini picha inafuata nguvu. Julai 1966, Charles Ndizeye alimwondoa baba yake. Tarehe 1 Septemba alitawazwa, jina Ntare V. Hakumaliza miezi mitatu: tarehe 28 Novemba, waziri mkuu wake, Michel Micombero, aliangusha ufalme. Ngoma ikatolewa kwenye bendera, mtama ukabaki peke yake. Machi 1967, nyota tatu zikachukua nafasi. Timbri nazo zikapigwa chapa upya: République.

Ngoma yenyewe haikufa. Wapigaji waliendelea kufundisha watoto wao, na mwaka 2014 UNESCO iliandika mchezo huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inataka vyote viwili: chefu atoke kwenye desturi, kisha serikali imtambue. Basi ndugu mchimbaji, mtu akifika kwenye shimo na picha ya mwami na muhuri, akidai franga kwa jina lake, usiangalie picha tu. Muulize: huyu mwami alitawazwa wapi, wazee gani walikuwepo, na karatasi ya serikali iko wapi? Picha inachapwa kwa siku moja. Wazee walioona kwa macho yao hawachapwi.