Mafunzo ya usalama kazini: Mwenye gunia naye aende darasani

Kuanzia Kobero na Kabanga hadi Rusumo, Gatuna na Busia, biashara ya mpakani bado inapita mgongoni mwa mtu. Lori linaweza kuvuka na karatasi zake zote zikiwa safi, lakini mahindi, viazi, maharage na saruji vikifika sokoni au ghalani hushushwa na vijana wanaolipwa kwa gunia. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Rusumo kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016 na cha Busia mwaka 2018, vimepunguza muda wa kungoja mihuri. Uzito wa gunia umebaki palepale.

Likitajwa suala la mafunzo ya usalama na afya kazini, wengi wetu huwaza kiwanda, mgodi au jengo refu lenye mafundi waliovaa kofia ngumu. Mbeba mizigo hahesabiwi. Hata hivyo, dunia ilimfikiria zamani. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 unaohusu uzito wa juu anaoweza kubebeshwa mfanyakazi mmoja, na ndani yake mna kifungu kinachotaka kila anayepewa kazi ya kubeba mizigo isiyo mepesi afundishwe namna ya kuifanya kabla hajaianza. Pendekezo namba 128 lililoambatana na mkataba huo likataja kiwango: kilo 55 kwa mwanamume mzima, na kwa wanawake na vijana pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa.

Sasa linganisha na hali yetu. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo unakaribia kabisa mpaka huo. Gunia la kilo 100 linakaribia kuuzidi mara mbili. Na lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba cha wavu juu, halina hata haja ya kujadiliwa. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, ilikokotoa mwaka 1991 kwamba hata mazingira yakiwa mazuri kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili na usawa wa kiuno, uzito wa kunyanyua kwa mikono miwili usipite kilo 23.

Mafunzo yenyewe yana mambo ambayo kila kijana wa sokoni angeweza kuyajua kwa siku moja. Kagua njia kwanza, maana ubao uliolowa huangusha kuliko uzito. Panua miguu, kunja magoti, kumbatia mzigo. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usizungushe kiuno ukiwa na gunia begani. Pokea mzigo kutoka kwenye bodi ya lori badala ya kuuokota chini, na kama upo chini, mnyanyue wawili. Maumivu yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi ni dalili kwamba kitu kilicho kati ya pingili za mgongo kimesogea. Ganzi ikifika katikati ya mapaja, au mkojo ukigoma kutoka au kutoka wenyewe, hapo ni hospitali siku hiyohiyo, wala si kuchuliwa mafuta.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2011 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa mapitio ya tafiti zilizofanywa mahali mbalimbali kuhusu mafunzo ya kunyanyua mizigo, na haukupata ushahidi kwamba kumfundisha mbebaji peke yake kunazuia maumivu ya mgongo. Mtu anayejua magoti hukunjwaje bado ataumia akitwishwa kilo 120 mara 60 kwa siku. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo semina nyingi zinapokosea: wanaitwa makuli wakae kwenye viti vya plastiki wasikilize, huku aliyeamua ukubwa wa gunia yuko dukani anahesabu faida.

Anayestahili darasa la kwanza ni mfanyabiashara, akifuatiwa na nyapara wake. Mfanyabiashara anapenda gunia kubwa kwa sababu inayoeleweka: ushuru, upakiaji na bei ya shambani mara nyingi vinahesabiwa kwa gunia. Gunia likivimba, gharama yake inapungua, na tofauti hiyo inalipwa na mkulima pamoja na mgongo wa mpakiaji. Tanzania imepiga marufuku ufungashaji wa mazao unaozidi kilo 100. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizoweka kilo 50. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, maana soko linaloendelea kununua kwa gunia humwadhibu anayefunga dogo.

Sheria nazo zina tundu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama na afya penye wafanyakazi 20 au zaidi. Ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue wawakilishi wa usalama na afya. Mpakiaji wa mpakani ana waajiri kumi kwa siku na hakuna hata mmoja anayemwandika kwenye daftari. Akivunjika, kila tajiri husema si wangu. Ndiyo maana ushirika una faida: nchini Rwanda wapo wapakiaji wa masokoni waliojiunga katika vyama vya namna hiyo, na chama kinaweza kuleta mkufunzi, kununua toroli na kukataa mzigo kwa sauti moja.

Kwa ndugu zetu waliorejea kutoka Nyarugusu, Nduta na kwingineko, liko jambo la kuangalia. Baadhi yenu mlisimamia ghala za chakula makambini, mkafundishwa kupanga magunia yasiporomoke na kutoa huduma ya kwanza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazungumzia kutambuana vyeti, lakini walioanza kunufaika ni watu wa taaluma kubwa kama wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Cheti cha siku tatu hakimo humo. Basi kiambatanishe na barua inayoeleza ulifundishwa nini, saa ngapi na mwaka gani. Pia ujue kwamba elimu hii huchakaa: Uingereza, kwa mfano, cheti cha huduma ya kwanza kazini hudumu miaka 3, kisha mtu hurudi kufundishwa.

Mfanyabiashara anayesema magunia madogo yatamfilisi na afanye hesabu hii. Lori la tani 10 ni magunia 100 ya kilo 100, au 200 ya kilo 50. Akiwalipa wapakiaji kwa kilo, fedha inayotoka mfukoni ni ileile. Kinachohitajika ni mizani mlangoni mwa ghala, na nyapara anayeweza kuisoma mbele ya watu wote.