Homa ya Bonde la Ufa: Onyo Lifike Kabla ya Kisu

Msomaji, mfikirie mfugaji mmoja karibu na Garsen, wakati mto Tana umefurika na malisho yamegeuka ziwa. Ng'ombe wake ametupa mimba, na sasa amelala chini akihema. Mwenyewe anakimbilia kisu amchinje upesi, asije akafa kibudu na nyama ikapotea. Kwa mtu ambaye mali yake yote ni mifugo, hilo ni jambo la busara. Lakini katika mwaka wa mafuriko, kisu hicho chaweza kumgharimu maisha yake.

Ugonjwa wenyewe huitwa homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 1931 wataalamu Daubney, Hudson na Garnham walieleza jinsi ulivyoua wanakondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na kwamba huletwa na virusi. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa balaa la mifugo zaidi kuliko la watu. Fikira hiyo ilibadilika mwaka 1977 ulipoingia Misri na kuua watu karibu 600.

Hujificha wapi?

Jambo lililowatatiza wataalamu ni hili: ugonjwa hutoweka miaka mingi, kisha huzuka ghafla. Je, hujificha wapi? Utafiti uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1985 ulitoa jibu. Virusi vilipatikana katika mbu waliolelewa kutokana na viluwiluwi vilivyookotwa madimbwini. Maana yake ni kuwa mbu wa jamii ya Aedes humrithisha mtoto virusi ndani ya yai. Mayai hayo hukaa katika udongo mkavu kwa miaka. Mafuriko yakija, huanguliwa, na mbu huanza kuuma mifugo. Mbu wa aina nyingine nao huuma mifugo iliyokwisha kuambukizwa, na moto ukaenea.

Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua za El Nino zilipopiga, watu wa Garissa walianza kufa huku wakitokwa na damu. Wengine walidhani ni kimeta, hadi maabara za Afrika Kusini na Marekani zilipothibitisha kuwa ni homa ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 89,000 waliambukizwa kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, na 478 walikufa.

Msiba huo ulizaa elimu. Mwaka 1999 Linthicum na wenzake walionyesha kwamba ukipima joto la bahari za Hindi na Pasifiki, na ukitazama kwa setelaiti jinsi nyika inavyokuwa ya kijani, waweza kubashiri ugonjwa hadi miezi mitano kabla haujazuka.

Onyo lilitoka, lakini...

Mwaka 2006 elimu hiyo ilitiwa katika mizani. Setelaiti zilionyesha hatari, na mwezi wa Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa onyo. Mwezi wa Desemba vipimo vya KEMRI vilithibitisha ugonjwa katika wagonjwa wa Garissa. Ulienea hadi Ijara, Tana River na Kilifi. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, watu wakiwa wamekwisha kufa. Kufikia Machi, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155.

Chanjo ya mifugo hufaa kabla ya ugonjwa kuzuka. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama huweza kuusambaza. Basi onyo likichelewa, hata dawa nzuri hukosa kazi yake.

Dalili na kinga

Dalili huanza siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa: homa, kichwa kuuma, misuli na viungo kuuma. Wengi hupona katika muda wa wiki moja. Wachache huathirika macho au ubongo, au hutokwa na damu. Katika hawa wa mwisho, karibu nusu hufa. Hakuna dawa maalumu, na hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya watu wote. Kwa kuwa mwanzo wake hufanana na malaria, mwambie daktari wako mapema kama umegusa, umechinja au umesaidia kuzalisha mnyama mgonjwa.

Usiogope kumwuguza jamaa yako. Haijaonekana ugonjwa huu kupita kutoka kwa mtu hadi mtu. Watu wengi huupata katika damu, viungo au mimba iliyotupwa ya mnyama, na wengine kwa kuumwa na mbu.

Ewe ukaaye Mombasa au Nairobi, usidhani hili halikuhusu. Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Ipike hadi iive kabisa, na maziwa yachemshe. Na ukiwa na jamaa Garsen, Hola au Garissa, mpigie simu mvua zikizidi. Mwambie asimchinje mnyama mgonjwa wala kula nyama yake, asishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, alale ndani ya chandarua, na amwite daktari wa mifugo.

Najua ni neno gumu. Mfugaji huogopa kutoa habari kwa sababu karantini hufunga soko, kama soko la mifugo la Garissa lilivyofungwa mwaka 2007, na nyumbani kukawa hakuna kitu. Wanaofunga soko wamfikirie pia. Lakini ng'ombe mmoja akipotea, mwenye ng'ombe aweza kuanza tena. Mwenyewe akipotea, watoto wake wataanza na nani?