Baa kongwe iliyofunguliwa kama kitanda

UKITAJIWA Manchester, bila shaka wazo lako litaenda kwanza kwa soka. Lakini jiji hilo la Uingereza lina jambo jingine la kustaajabisha: baa ya mbao iliyojengwa mwaka wa 1552, ambayo haisimami tena pale ilipojengwa.

Jina lake ni Old Wellington. Ukiitazama kwa nje utaona nguzo na mihimili myeusi, na katikati yake kuta nyeupe. Usidhani mbao hizo ni mapambo. Hiyo ndiyo mifupa ya nyumba. Paa na sakafu zote huegemea mbao. Ukuta kazi yake ni kuziba tu.

Je, nyumba za aina hii zilijengwaje? Fundi alichagua mti wa mwaloni, akauchonga ungali mbichi kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno. Ncha ya mhimili mmoja aliichonga kama ulimi, akaiingiza katika tundu la mwenzake, kisha akatoboa hapo na kupigilia kigingi cha mti. Hakuhitaji msumari. Mbao zilipokauka zilijikunja, na ndiyo sababu nyingi za nyumba hizi zimepinda. Nafasi kati ya nguzo zilisukwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi. Msomaji, kazi hiyo nyanya yako angeielewa mara moja.

Isitoshe, fundi aliunganisha mbao zote chini kwanza, akatia alama kwenye kila kiungo, akazifungua, kisha akazipeleka kiwanjani kuzisimamisha. Tangu mwanzo, basi, nyumba hii ni kitu cha kufungwa na kufunguliwa.

Hilo ndilo lililoiokoa Old Wellington. Miaka ya 1970, majengo mapya yalipoizunguka, iliinuliwa zaidi ya mita moja ilingane na kiwango kipya cha ardhi. Halafu Juni 15, 1996, kundi la IRA lililipua lori lililojaa mabomu katikati ya jiji. Zaidi ya watu 200 walijeruhiwa na majengo mengi yakaharibika. Baa ile iliumia lakini haikuanguka.

Jiji lilipopangwa upya, mahali pake palitakiwa kwa ujenzi mwingine. Je, ibomolewe? La. Mafundi waliifungua kipande kwa kipande, wakaisimamisha tena karibu na Kanisa Kuu. Mwaka wa 1999 wateja walirudi, na hadi leo wanaketi humo.

Nyumba ya saruji haina bahati hiyo. Ukiiondoa hugeuka kifusi. Basi, iwapo kwenu kuna nyumba ya zamani ya miti na udongo, usiikimbilie na sururu kwa kuwa imepinda. Ukuta hukandikwa upya, na nguzo iliyoliwa na mchwa hutolewa ikatiwa nyingine. Kabla ya kubomoa, mwite kwanza seremala avitazame viungo vyake.