Sungura na Darasa Linaloimba

Paukwa! Haya, itikieni: pakawa! Sogeeni, wapwa zangu, sogeeni karibu na mjomba. Mmoja wenu ameniuliza, "Mjomba, kwa nini watoto wa chekechea wanaimba kutwa? Watasoma lini?" Hongera, mwanangu! Kuuliza si ujinga. Na swali lako lina hadithi yake.

Palikuwa na mwembe mkubwa. Chini ya mwembe palikuwa na darasa la chekechea. Juu ya mwembe alikaa Chiriku. Chiriku mnamjua, mdomo wake haupumziki! Watoto wakiimba, naye anaimba.

Siku moja akapita Sungura. Akasimama, akasikiliza kidogo, akacheka. "Chiriku, hawa wanacheza tu! Shule gani hii isiyosoma?"

Chiriku akamjibu, "Keti, Sungura. Tega hayo masikio yako marefu. Wimbo ukiimbwa, somo linaingia."

Sungura akaketi. Mwalimu akaanza kuimba majina ya vitu, na watoto wakawa wanapiga makofi. Chi-ri-ku! Makofi matatu. Mwe-mbe! Makofi mawili. M-to-to! Makofi matatu.

"Ngoja kwanza, mjomba! Kwa nini M ya mtoto imepigiwa kofi lake, na M ya mwembe haikupigiwa?"

Aa, una sikio zuri wewe! Sema mtoto, polepole. Umesikia? Hapo M imesimama peke yake, kwa hiyo inapata kofi lake. Sasa sema mwembe. Hapo M imeshikana na W na E, zinatoka kinywani pamoja. Kofi moja linazitosha. Vipande hivyo vya neno ndivyo silabi. Mtoto aliyezoea kuvisikia kwa makofi, siku akiviona ubaoni havimtishi. Anavijua tayari!

Tena hata watu wazima wanavihesabu. Watunzi wa mashairi ya Kiswahili huviita mizani. Katika shairi lililozoeleka sana, kila mstari una mizani 16: 8 upande huu, 8 upande ule. Kwa hiyo mtoto anayepiga makofi darasani ameshaanza kazi ya malenga. Wimbo ukiimbwa, somo linaingia.

Kisha watoto wakaimba maneno yanayofanana mwisho: paka, kaka, taka, waka. Sungura akauliza, "Hiyo nayo ina faida gani?" Chiriku akasema, "Sikiliza mwanzo wa neno. Sauti moja tu imebadilika, na paka amekuwa kaka!" Mtoto akisikia hivyo, anatambua kwamba neno limejengwa kwa sauti ndogo ndogo. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba watoto waliojua mashairi ya kitoto wakiwa na miaka 3 walikuja kuwa wepesi wa kutambua sauti za maneno. Na anayezitambua sauti hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi.

Baada ya hapo ukaja mchezo wa nyama nyama. Mnaujua, sivyo? Mwalimu anataja mnyama. Nyama yake ikiwa inaliwa, mnaruka. Ikiwa hailiwi, hamruki. Akataja ng'ombe, wakaruka. Akataja mbuzi, wakaruka. Akataja paka, wakatulia tuli! Akataja sungura... lo! Wakaruka juu kabisa! Sungura naye akaruka, lakini yeye alirukia nyuma ya mwembe kujificha.

Chiriku akamwita, "Rudi, ndugu yangu, ni mchezo tu. Umeona lakini? Miguu inataka kuruka, kichwa kinaiambia ingoje." Hilo ni somo kubwa, wapwa zangu. Kusikiliza kwanza, kutenda baadaye. Wimbo ukiimbwa, somo linaingia.

Sungura akarudi, bado anahema. Akaona maembe saba yameanguka chini. Akayakumbatia yote kwa mikono. Mara embe moja likadondoka. Akainama kuliokota, mawili yakadondoka. Mtoto mmoja akamletea kikapu. Maembe saba yakaingia, hata moja lisianguke.

Chiriku akasema, "Siku za juma nazo ni saba. Ukimtajia mtoto mdogo siku moja moja, zinamdondoka. Ziweke ndani ya wimbo, anazibeba zote mpaka nyumbani. Wimbo ni kikapu."

"Na hesabu je, mjomba? Inabebeka kwa wimbo?"

Inabebeka sana! Kule Tanzania, mwaka 2014, kilianza kipindi cha katuni cha runinga kiitwacho Ubongo Kids. Kinafundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Watoto wanaimba, na hesabu inaingia.

Sasa Sungura alikuwa amenyamaza. Akauliza kwa upole, "Chiriku, na wewe ulijifunzia wapi kuimba?"

"Kwa wakubwa wangu," akasema Chiriku. "Kwanza nilisikiliza. Kisha nikajaribu, nikakosea. Nikajaribu tena, mpaka wimbo ukanyooka."

"Ni kweli, mjomba, au ni hadithi tu?"

Ni kweli, mwanangu. Makinda ya ndege wengi waimbaji hujifunza hivyo hivyo. Na mtoto wa binadamu naye huanza mapema. Miezi ya mwisho akiwa tumboni, anaisikia sauti ya mama yake. Akizaliwa, anaitambua. Na mama akimbembeleza kwa wimbo, mtoto hutulia. Maneno bado hajayajua, lakini sauti anaijua. Na katika wimbo maneno huja polepole, huvutwa, hurudiwa. Mtoto anapata nafasi ya kuyashika.

Basi, wapwa zangu, nawapa kazi. Mwenye mdogo wake nyumbani, amwimbie leo. Imba pua, mguse pua. Imba sikio, mguse sikio. Imba taratibu, umtazame usoni, kisha nyamaza kidogo, umwachie naye atoe sauti yake. Akitaka tena, rudia. Akitaka mara kumi, rudia mara kumi, maana kwa kurudia ndipo anapojifunza. Usijali kama sauti yako inakwaruza, mdogo wako anaipenda hivyo hivyo. Imba kwa lugha ya nyumbani kwenu: Kiswahili, Kisukuma, Kigiriama au Kikamba, zote zinafundisha. Na kama huna wimbo, nenda kwa bibi. Mwombe wimbo mmoja aliomwimbia mzazi wako alipokuwa mdogo. Jifunze mpaka uuweze, halafu mwimbie mdogo wako.