Barua kwa Watu Wengi: Uzito, Umbo na Anwani



Aandikaye barua moja hahisi uzito wake. Lakini chama cha askari wastaafu mjini Gitega kitakapo kuwapelekea wanachama 200 wa Muyinga taarifa ya siku ya kuhakiki majina ya pensheni, kila gramu huzidishwa mara 200, na kila kosa la anwani huweza kumkosesha mtu siku hiyo.

Tangu Mapatano ya Bern ya mwaka 1874, yaliyozaa Umoja wa Posta Ulimwenguni ambao Burundi iliingia mwaka 1963, gharama ya barua hufuata ngazi za mizani. Wakati ule ngazi ya kwanza ilikuwa gramu 15. Leo katika nchi nyingi ni gramu 20, na azidishaye gramu moja hulipia ngazi nzima inayofuata.

Basi na tupime. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina takriban gramu 5, na bahasha ndogo huwa karibu na hapo. Karatasi nne zilizopigwa chapa upande mmoja, pamoja na bahasha, hufika gramu 25. Maneno yale yale yakipigwa pande mbili hutosha katika karatasi mbili, na barua nzima huwa gramu 15: chama kimeokoa karatasi 400, na tofauti ya ngazi kwa kila barua. Ikiwa habari ni tarehe, saa na mahali tu, kadi ya milimita 105 kwa 148 yatosha bila bahasha. Walakini kadi husomwa na kila mkono uipitishao. Mambo ya kikosi, zamu au mshahara hayana nafasi humo, hata kama ingekuwa bure.

Kuhusu umbo, bahasha ya milimita 110 kwa 220 hupokea karatasi iliyokunjwa sehemu tatu. Bahasha za mraba, na zenye vibanio vya chuma ndani, huwasumbua wachambuzi na mashine pia.

Penye hatari zaidi ni anwani. Kwetu barua huelekezwa kwenye sanduku la posta, si mlangoni mwa nyumba. Kwa hiyo jina, nambari ya B.P. na mji viandikwe kwa herufi kubwa, upande wa chini kulia, na anwani ya mpelekaji juu kushoto. Nanyi mwajua jinsi askari ahamavyo. Daftari la mwaka juzi humtafuta koplo Gitega ilhali alikwisha hamishiwa Muyinga. Na mjane angojaye taarifa ya pensheni hana njia ya kujua kwamba imelala katika sanduku la kituo cha zamani cha mumewe. Daftari lisahihishwe kabla ya kununua stempu, si baada ya barua kurudi.

Hatimaye, barua za Muyinga zifungwe fungu lao, mbali na za Karuzi zilizo njiani, na bei ya barua nyingi iulizwe dirishani kabla ya kuchapa hata nakala moja.