Sukari ya viwandani yawabana zaidi watengeneza pipi

Sukari ya viwandani si ile inayopimwa dukani kwa kilo. Ni nyeupe pe, imesafishwa zaidi, na Tanzania huagiza karibu yote kutoka nje. Ndiyo maana watengenezaji wa soda na pipi huangalia zaidi soko la dunia na thamani ya shilingi kuliko mavuno ya miwa ya bonde la Kilombero. Mwishoni mwa 2023, India ilipobana mauzo yake ya nje, bei ya dunia ilifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 12. Mwaka 2025 ilishuka chini ya senti 20 za dola kwa ratili, ingawa nafuu ya namna hiyo huchelewa kufika kiwandani, kwa kuwa shehena hununuliwa miezi kadhaa kabla.

Soda ya mililita 300 hubeba takriban gramu 30 za sukari. Bei ya sukari ikipanda, mtengenezaji anaweza kupunguza kiasi na kuongeza kitamu mbadala kama sukralosi. Pipi haina mlango huo, maana sukari na sharubati ya glukosi ndiyo mwili wake. Isitoshe, pipi huuzwa shilingi 50, na mtoto aliyeshika sarafu moja hawezi kuombwa 60. Kinachobaki ni kuipunguza uzito.

Kilio kikubwa cha wenye viwanda vidogo, hata hivyo, ni cha ushuru. Sukari yao huingia kwa asilimia 10 badala ya 100, lakini juu yake uliwekwa ushuru wa ziada wa kurejeshwa, uliowahi kufikia asilimia 15. Fedha hizo zilipochelewa kurudi, mwenye kiwanda alikopa benki ili anunue shehena inayofuata, na riba ikawa gharama ya pipi.

Maofisa hujibu kuwa ushuru huo huzuia sukari ya viwandani kuvujia madukani. Kishawishi kipo: mapema 2024 sukari ya mezani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Lakini makadirio ya serikali ya msimu wa 2023/24, kwamba viwanda vinahitaji karibu tani 250,000, hayaonyeshi ni kiasi gani kilivuja, na adhabu imewaangukia hata wasiovujisha.

Ahadi ya kuisafisha sukari hiyo nchini imerudiwa kwa miaka. Hata ikitimia, huenda isiwasaidie watengeneza pipi kama bei yake itazidi ile ya bandarini.