Tiba kwa Vitendo na Askari Aliyejeruhiwa

Mfupa ukishaunga na kidonda kikishafunga, majeruhi hubaki na swali moja. Nitavaaje sare yangu kwa mkono mmoja? Kulijibu swali hilo ndiyo kazi ya wataalamu wa tiba kwa vitendo.

Fani hii ilikua pamoja na majeruhi wa vita. Chama chake cha kwanza kiliundwa Marekani mwezi Machi 1917. Wiki chache baadaye nchi hiyo ikaingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na askari walioumia wakafundishwa upya kujihudumia na kufanya kazi. Mafunzo yenyewe ni ya mambo madogo yenye uzito mkubwa. Avaaye shati, kwa mfano, huingiza kwanza mkono mgonjwa. Akivua, huutoa mwisho.

Shirikisho la Dunia la fani hii liliundwa mwaka 1952, na mkutano wake mkuu wa kwanza ukafanyika Edinburgh mwaka 1954. Bara letu lilingoja miaka 64, hadi mkutano wa Cape Town wa Mei 2018. Kungoja huko kuna gharama. Vitabu vingi viliandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani. Askari atokaye hospitalini na kurejea Nyarutarama, hapa Kigali, hukuta njia ipandayo kilima. Mwenzake wa kijijini hukuta ndoo ya maji na jiko lililo chini.

Basi wanafunzi na walimu wa fani hii, ambayo hufundishwa pia katika Chuo Kikuu cha Rwanda, wana jambo la kusema wasimamapo mkutanoni. Hueleza walichojaribu, kwa wagonjwa wangapi, na wapi walishindwa. Wenzao huuliza na kupinga. Askari analielewa hilo, kwani baada ya kila zoezi hufanywa tathmini, na kosa lililotajwa leo huokoa mtu kesho.

Hata hivyo, hotuba iliyofungiwa kabatini haimfai mgonjwa. Yampasa mwanafunzi arudi wodini na alichojifunza. Nawe kamanda, usiishie kuuliza majeruhi wako atapona lini. Uliza pia atarudi kufanya kazi gani, na ni nani anayemfundisha.